Kusindikizana Hadi Dirishani

Wajukuu wangu hunicheka kwa sababu simwachi mgeni njiani. Mgeni akiniaga, mimi hujifunga leso yangu vizuri, huchukua bakora, na hutoka naye. Nitamfikisha barabarani, na nikiona bado hajafika nitaendelea, mpaka nimwone ametia mguu ndani ya nyumba yake na mlango umefungwa. "Bibi, huko si kusindikiza, huko ni kuhama," huniambia. Nami huwajibu wanyamaze, hawajui lolote. Na kweli hawajui, maana sijawahi kuwasimulia. Kila nikianza, hasira hunipanda nikashindwa kumaliza. Leo nataka nimalize.

Kwetu kulikuwa Likoni, ng'ambo ya kisiwa. Baba na mama walishuka kutoka Rabai wakiwa vijana, wakapata kipande cha shamba: mihogo, minazi michache, na nyumba ya udongo iliyoezekwa makuti. Tulikuwa Wakristo wa kubatizwa, tukienda kanisani na viatu mkononi na kuvivaa tukikaribia mlango, visije vikaisha soli bure. Lakini mkinisikia nikisema wallahi msishangae, ndivyo tusemavyo sisi Pwani. Mama alizaa watoto wengi, tukabaki wawili, dada yangu na mimi. Yeye alinitangulia kwa miaka michache tu. Mama alikuwa akisema dada alianza kunibeba mimi mgongoni kabla yeye mwenyewe hajaacha kubebwa.

Dada aliolewa Mtongwe, na kijana wa watu wa hukohuko Rabai, mchukuzi wa mizigo bandarini. Kijana mpole, mrefu, mwenye aibu. Alikuwa akimwamkia baba shikamoo kwa sauti ndogo hata baba ilimbidi amwulize, "Umesema?" Vita vya Wazungu vilikuwa vimepamba moto huko kwao na meli zilikuwa zikiingia Kilindini mchana na usiku, kwa hivyo shemeji alikuwa haonekani nyumbani. Dada alikaa na mama mkwe wake na wifi yake.

Kutoka kwetu hadi Mtongwe kulikuwa na njia ya mguu iliyofuata genge la bahari. Nimekwenda sehemu nyingi katika maisha yangu, sijaona njia nzuri kama ile. Ukishatoka kwenye mihogo yetu, uliingia kwanza kwenye mawe ya matumbawe, makali, ambapo ilikupasa uangalie miguu yako na uache maneno. Halafu ikaja mivinje. Hapo ardhi ilikuwa imefunikwa na majani yake membamba, laini, mtu akitembea hasikiki, ila upepo juu ukivuma bila kupumzika. Baada ya mivinje kulikuwa na mifuu, na siku zake fuu zikiiva tulikuwa tukila mpaka midomo inakuwa myeusi na meno yanaota ukungu. Kisha kilima kidogo. Halafu vichaka vikaachana ghafla na bandari yote ikawa chini yako, maji ya kijani karibu na mikoko, ya buluu kule kati, na ng'ambo kisiwa na mapaa yake, na meli za vita za rangi ya jivu zimejipanga mpaka huoni pa kupita ngalawa. Pale dada alipaita Dirishani, na jina likashika hata kwa watu wazima.

Njia yenyewe ilikuwa ya upana wa mtu mmoja. Mkiwa wawili, mmoja hutangulia na mwingine hufuata, na mazungumzo yote unamwambia mwenzio kisogoni. Ndiyo sababu mpaka leo nakijua kisogo cha dada yangu kuliko uso wake. Nywele zake zilikuwa zimejikunja kidogo upande wa kushoto, na alikuwa na kovu dogo chini ya sikio, alipochomwa na mwiba tukikata kuni. Uso wake nikiutafuta sasa naupata kwa shida. Kisogo nakiona wakati wowote.

Kwetu mgeni haachwi atoke peke yake. Mwenyeji humsindikiza hadi nusu ya njia, hapo wakapeana mikono, kila mtu akashika njia yake. Nusu yetu ilikuwa Dirishani. Jumapili baada ya ibada dada alikuja kutuona, akala nasi, na jua likianza kupoa mama aliniambia, "Haya, msindikize mwenzio." Nilimsindikiza. Tukifika Dirishani, badala ya kunipa mkono, dada alikuwa akisema, "Njoo nikurudishe kidogo." Akanirudisha mpaka kwenye mivinje. Pale mivinjeni mimi nilikuwa nikisema, "Masikini, utarudi peke yako? Njoo nikurudishe." Tukarudi Dirishani. Tukaenda na kurudi, tukaenda na kurudi, hadi mmoja wetu ikambidi awe na akili, na mara zote alikuwa yeye. Nikifika nyumbani mama alikuwa akinisuta. "Njoo nikurudishe kidogo, njoo nikurudishe kidogo," alikuwa akituiga kwa sauti ya kitoto. "Nyinyi mwasindikizana au mwasuka mkeka?"

Sasa kuna jambo moja lazima mlielewe, la sivyo mtatuona tulikuwa wapumbavu. Pengine hata mkilielewa mtatuona hivyo hivyo. Mtoto wa kwanza mwanamke alikuwa akimzalia kwao, kwa mama yake mzazi. Lakini safari hiyo haikuwa kama safari ya Jumapili. Siku ya kwenda kujifungua, watu wa mume walimleta mpaka nusu ya njia, na watu wake wakampokea hapo. Watu wa mume wakimfikisha hadi mlangoni kwa wazazi wake, majirani wote watasema mke amerudishwa. Watu wake wakienda kumchukua mlangoni kwa mume, watasema amenyang'anywa. Kwa hivyo kila upande ulikwenda nusu yake na ukakoma hapo. Ilikuwa ni heshima, na watu wetu kwa heshima walikuwa hawana mchezo.

Na dada yangu alihitaji heshima hiyo kuliko mwanamke mwingine yeyote. Alikuwa amepoteza mimba mbili, zote changa. Ya pili ilipotoka, kisimani yalianza maneno kwamba mama mkwe wake amechoka, kwamba iko siku atarudishwa kwao na mkeka wake kichwani. Mama alipoyasikia, damu ikamchemka. Alifunga leso akaenda Mtongwe mpaka mlangoni, amchukue mwanawe akamuuguze nyumbani. Alikaribishwa kiti, akaletewa maji, kisha mama mkwe akamwuliza kwa upole kabisa, "Mkwe, umekuja kumnyang'anya mwanangu mke?" Mama aliinuka na maji hayo hakuyanywa. Tangu siku ile wakwe hawa wawili walisalimiana kwa adabu nyingi kupita kiasi, na kila mmoja alichunga sana asimpe mwenzake la kusema.

Mimba ya tatu ikashika. Ikapita pale zilipoishia zile mbili, ikapita tena, tumbo likachomoza. Mungu shahidi, sijawahi kumwona mtu akitembea kwa fahari kama dada yangu miezi ile! Njiani aliniambia nitangulie. "Ukiwa nyuma wanisukuma na maneno yako," alisema. Basi nikawa mbele, namsikia akihema nyuma yangu, akicheka, akinigombeza nipunguze mwendo, yeye si punda wa posta. Jumapili ya mwisho tulikaa Dirishani muda mrefu. Alikuwa ameweka mikono juu ya tumbo, anatazama meli.

"Nataka nizalie kwa mama," aliniambia. "Niingie pale mlangoni kwa adabu yake, watu wakiona nimeletwa na nimepokewa. Nikitoka hapo na mtoto mgongoni, nani atanirudisha tena?"

"Na wakikurudisha?" nilimtania. "Si utakuja tukae wote."

"Wee, koma!" alisema, akanipiga begani. Halafu akanishika mkono na hakuuachia. Alikuwa akiogopa, nami niliuhisi uoga wake mkononi mwangu, lakini hakuusema.

Shemeji alikuja siku chache baadaye, akiwa na vumbi la makaa ya mawe shingoni, akamwambia baba kwamba Jumamosi asubuhi mama yake na dada yake watamleta mke wake Dirishani. Yeye mwenyewe hataweza kuwapo, meli hazingoji. Baba akasema, "Inshallah, tutakuwa pale." Mama aliandaa mkeka mpya, akatafuta mkunga, akamlaza nyumbani kwetu kabisa asije akakosekana.

Jumamosi tulitoka alfajiri, baba mbele, mama, kisha mimi na mtungi wa uji wa pilipili manga kichwani, maana dada aliupenda. Mkunga tulimwacha nyumbani anachemsha maji. Tukapita mawe, tukapita mivinje. Kwenye mifuu baba akasimama, nusura nimgonge mama kwa mtungi. Mbele yetu ilikuwa seng'enge. Mpya, inang'aa, imekatiza njia kutoka vichakani hadi ukingoni mwa genge. Jumapili haikuwapo. Ng'ambo yake askari walikuwa na mashine inayotoboa jabali, inapiga kelele hata meno yanauma, na vumbi jeupe limetanda pale palipokuwa Dirishani.

Askari mmoja, kijana wa bara, alitupungia bunduki. "Rudini! Hapa si njia tena!"

Baba alivua kofia. "Mwanangu, twaenda hapo tu, kumpokea mtoto wetu. Yu mjamzito."

"Mzee, hakuna ruhusa. Zungukeni porini," yule kijana alisema. Hakuwa mtu mbaya. Alitutazama mpaka tukaondoka, na nadhani aliona aibu.

Tukazunguka. Ndani kulikuwa na kijia cha mbuzi kilichopita kwenye mikorosho na vichaka vya miiba, njia ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiitumia kwenda Mtongwe maana ilikuwa mbaya na ndefu. Tulikwenda mpaka tukafika kwenye kisima cha zamani, chenye maji ya chumvichumvi. Hapo baba akakaa juu ya jiwe.

"Tungoje hapa," alisema.

"Baba, hapa si nusu," nilimwambia.

"Nusu ya njia hii waijua wewe?"

"Siijui. Wala wewe huijui."

Mama alinifinya mkononi. Baba hakukasirika. Alieleza taratibu, kama mtu anayeeleza jambo lililo wazi. Nao wameikuta seng'enge kule upande wao. Nao watazunguka. Njia ni hii moja, kwa hivyo watatukuta. Lakini sisi tukizidi hapa, itakuwa tumeingia upande wao. "Wasije wakasema tena," alimaliza. Hilo neno "tena" lilimwangukia mama, nikamwona anainamisha kichwa. Mama yangu, ambaye alikuwa hamwogopi hata chifu, akakaa chini.

Tukangoja. Jua likapanda juu ya mikorosho. Nyuki walikuwa wakinywa maji kwenye ukingo wa kisima. Kule baharini mashine ikipiga, ikinyamaza, ikipiga tena. Uji ukapoa na kufanya utando. Kila nilipofungua kinywa baba aliniambia, "Kawia ufike." Nimeishi na methali hiyo masikioni tangu siku ile, na namjibu baba kaburini aliko kila ninapoikumbuka: ngojangoja huumiza matumbo, baba. Huumiza matumbo!

Mwishowe nikasema naenda haja. Nikaingia kichakani na nilipokuwa sionekani nikashika kijia nikakimbia. Sikukimbia sana. Wallahi sikukimbia sana. Kijia kilipinda mara moja, kikapanda kidogo, na hapo palikuwa na mkwaju mkubwa, na chini ya mkwaju nikamwona dada yangu.

Alikuwa amelala juu ya leso, magoti ameyakunja. Mama mkwe wake alikuwa amempakata kichwa. Leso ilikuwa imelowa damu mpaka mchangani. Wifi hakuwapo, alikuwa ametumwa nyuma Mtongwe akaite wanaume waje na kitanda. Uchungu ulimshika njiani, kabla ya wakati wake, na mama mkwe alifika pale mkwajuni akakoma. Kwani angefanyaje? Akisonga mbele na mke aliyeharibikiwa na mimba mara mbili, amfikishe huko kwetu, si ndiyo watu waseme ameturudishia maiti yetu mapema? Hayo alikuja kuyasema mwenyewe baadaye, akijipiga kifua. Alikaa pale kwa adabu kutungojea sisi, na sisi tulikaa kwenye kisima kwa adabu kuwangojea wao. Mtoto mwenye mkono mzuri angeweza kurusha jiwe kutoka mkwajuni likatua karibu na kisima. Kama si ile mashine tungesikiana tukikohoa.

"Mbona mmekawia?" mama mkwe alilia aliponiona. "Mbona mmekawia?"

"Na nyinyi je!" nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia mtu mzima kelele namna ile. "Na nyinyi je!"

Dada alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa myeupe, lakini alinitambua, na Mungu anisamehe, alijaribu kucheka. "Leo umechelewa," alisema. "Haya, nirudishe."

Nikarudi mbio namwita mama. Hapo mama hakutembea, alikimbia, leso ikamvuka akabaki nayo moja, hakuiokota. Alimkuta mwanawe, akapiga magoti, akaweka mkono anapojua mama kuweka, na akaniangalia. Uso wake sitausahau. Mtoto alizaliwa palepale muda mfupi baadaye, msichana, mzuri, mzima wa viungo, na hakulia. Mama alimpuliza puani, akamgeuza, akampigapiga mgongoni, akamwita mjukuu wangu, mjukuu wangu. Mtoto hakuitika.

Damu ya dada haikukoma. Wifi akafika na wanaume na kitanda cha kamba, na baba naye akawa amefika. Na sasa sikilizeni. Dada yangu yu hai bado, anapumua, na wale watu wazima wakasimama wakaanza kuulizana apelekwe wapi! "Mkwe, amueni nyinyi, ni mtoto wenu," mzee mmoja wa Mtongwe alisema. "La, mkwe, amueni nyinyi, ni mke wenu," baba akajibu. "Hatuwezi kuwatangulia, mkwe." "Nasi hatuwezi, mkwe." Nilitaka kuwapiga mawe. Mpaka mama alipoinuka na mikono yake imejaa damu.

"Kwangu," alisema. "Mkunga yuko kwangu. Mbebeni, na anayetaka kusema na aseme."

Wakambeba. Nilishika upande wa kichwani, nikawa natembea kinyumenyume kwenye kijia kile ili nimwone uso, mara ya kwanza katika njia zetu zote kwamba tulitembea tukielekeana. Alikuwa akinitazama. Alisema anasikia baridi, jua likiwa la saa sita. Alimwuliza mama kama mkeka ni ule wa ukindu. Mama akasema ndiyo, ni wa ukindu, mpya, unakungoja. Tulipofika kwenye kisima macho yake yalikuwa bado wazi, nami nikaendelea kurudi kinyumenyume hatua kadhaa nikiwa sijajua. Baba ndiye aliyesema, "Mwekeni chini."

Mtungi wa uji ulikuwa palepale nilipouacha, una sisimizi.

Mke huzikwa kwa mumewe, hiyo nayo ni desturi. Shemeji alitengeneza sanduku kwa mbao za bandarini, moja tu, la dada, na mtoto akalazwa kifuani pake humohumo. Tukambeba kutoka kwetu hadi Mtongwe, njia yote. Seng'enge ilikuwa bado ipo, kwa hivyo tulipita porini. Tukapita kisima, hatukukoma. Tukapita mkwaju, hatukukoma. Tukaenda hadi mlangoni kwa mumewe, baba na mama na mimi na ukoo mzima uliotoka Rabai, na hakuna mtu hata mmoja aliyesema tumezidi nusu yetu. Nilitembea nyuma ya sanduku nikilia kwa uchungu na kwa hasira, nikijiuliza ikiwa njia hii inapitika yote leo, jana ilikuwa na nini.

Shemeji hakumlaumu mtu. Alisimama kaburini na vumbi la makaa lingali shingoni, na wenzake wakamshika alipotaka kuketi chini. Baada ya matanga aliomba kazi upande wa Changamwe, akahamia huko, na sikumwona tena ila mara moja, kwa mbali.

Siku ya kumaliza matanga tuliaga ili turudi Likoni. Mama mkwe wa dada akainuka, akachukua furushi, akasema atatusindikiza. Baba alitangulia na wazee, tukabaki nyuma sisi wanawake watatu, mama, mama mkwe na mimi, katika mstari kama njia ilivyotaka. Tulipofika mkwajuni, mchanga ulikuwa bado una rangi, na nilijua hapo ndipo atakapokoma, atupe mkono. Hakukoma. Nikasema moyoni, basi ni kisimani. Kisimani nako akapita, hakutazama hata pembeni. Alikuja nasi mpaka kwetu, mpaka mlangoni, akaweka lile furushi miguuni pa mama. Zilikuwa leso za dada, zimefuliwa na kukunjwa.

"Nimemrudisha," alisema. Sauti yake ilikatika. "Mkwe wangu, nimekurudishia, na si yeye."

Nilimtazama mama. Nilitaka amfukuze, nasema kweli. Nilitaka amkumbushe yale maji aliyoletewa, na yale maneno, na kisimani, na mkwajuni, kila kitu. Mama aliziangalia zile leso. Kisha alitazama jua, akajifunga leso yake upya kifuani, akamshika yule mwanamke kiwiko.

"Utarudi peke yako?" alisema. "Njoo nikurudishe kidogo."

Alilisema kwa sauti yake mwenyewe, si ile ya kutuiga. Wakatoka, mmoja mbele na mmoja nyuma, maana njia haikuwa na nafasi ya wawili. Walikwenda hadi Mtongwe mlangoni, na tangu siku hiyo walisindikizana hivyo kila mmoja alipomtembelea mwenzake, mlango kwa mlango, mpaka miguu yao ilipokataa. Lakini siku ile mimi sikuwafuata. Nilisimama na furushi mikononi, nikakitazama kisogo cha mama mpaka mihogo ikakifunika. Nilikuwa bado na hasira nao wote wawili, na mtu wa kunirudisha mimi hakuwapo tena.